Sataranji ya Safari

Wasomaji wa gazeti hili hawana haja ya kufundishwa bao. Toka Mikindani hata Msimbati, na toka Msimbati hata mlangoni mwa Ruvuma, ni shida kuona kijiji kisicho na bao chini ya mwembe, na watoto wetu huchimba mashimo yao mchangani kabla hawajajua kuandika majina yao. Lakini liko bao jingine ambalo ni wachache walijualo katika nchi yetu ya kusini, nalo ni sataranji. Neno hilo si geni katika lugha yetu, limo katika kamusi za zamani. Maana mchezo ulitoka Bara Hindi, ukapita Uajemi, ukafika kwa Waarabu, na jina lake likaja pwani pamoja na maneno mengine mengi yaliyoletwa na majahazi. Tumeulizwa mara nyingi kwa nini sisi, walimu wawili tuliokwisha kustaafu, mmoja wa hesabu na mmoja wa kazi za mikono, twakusanya vibao vidogo vya mchezo huo, tena twavichonga wenyewe, hata nyumba zetu zimejaa vumbi la mpingo na wake zetu wamechoka kufagia. Basi leo twaeleza.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa maneno machache. Ubao una nyumba 64, nane kwa nane, nyeusi na nyeupe. Kila mchezaji ana watu 16: mfalme mmoja, waziri mmoja ambaye Wazungu wamemgeuza kuwa malkia, ngome mbili, farasi wawili, ndovu wawili ambao Waingereza huwaita maaskofu, na askari wanane. Kila mmoja ana mwendo wake. Amfungiaye mfalme wa mwenziwe asiwe na pa kukimbilia ndiye mshindi. Kete za bao nazo ni 64, lakini hiyo ni hesabu iliyokutana tu. Michezo hii miwili haina undugu. Katika bao kete zote ni sawa, ni komwe tu, hazina cheo wala jina. Katika sataranji kila mmoja huwekwa mezani na cheo chake. Mwanafunzi wetu mmoja alisema kwamba bao ni mchezo wa nchi isiyo na mabwana. Hatukumsahihisha.

Tulipokuwa tukifundisha upande wa Msimbati, kwenda Mtwara kupokea mshahara ilikuwa kazi. Wakati wa mvua magari yalikwama mchangani, nasi tukapanda mashua. Upepo ukiwa mwema, tulifika kabla ya jioni. Upepo ukikataa, tulilala chomboni. Ili kupitisha saa hizo tulichukua ubao wetu, tukauweka juu ya gunia la korosho, tukacheza. Siku moja tulipokuwa tukitoka katika ghuba ya Mnazi, wimbi likainua mashua, na wafalme wote wawili pamoja na raia zao wakaingia katika maji ya ngama. Nahodha akacheka sana, akasema, "Walimu, hilo bao lenu ni la nchi kavu."

Neno lile lilitukaa moyoni. Maana shida ya msafiri si uzito wa ubao. Ubao hata ukiwa mkubwa huchukulika. Shida ni kwamba mchezo hukatika. Chombo hufika, abiria huitwa, mvua hunyesha, mtoto hulia, na wale watu waliokuwa wamesimama kila mmoja mahali pake kwa fikira ya saa mbili, humwagwa mfukoni kama punje za mahindi. Sataranji ya safari ni ile iwezayo kukatika isipotee. Ubao ukifungwa leo Msimbati na kufunguliwa kesho kutwa Newala, farasi awe pale pale alipoachwa. Vibao vingi viuzwavyo madukani havina sifa hiyo. Hukunjwa katikati kama kitabu, na watu hutupwa ndani kabla ya kukunjwa. Hivyo sisi twaviita sataranji iliyopunguzwa, si sataranji ya safari.

Wengine walilifikiri jambo hili kabla yetu. Katika miaka ya 1840 daktari Mwingereza, Peter Mark Roget, ambaye watu wengi humjua kwa kitabu chake kikubwa cha maneno, alitengeneza ubao wa mfukoni ambao watu wake walikuwa bapa, wakichomekwa katika ubao wenyewe, wasianguke. Baadaye kidogo, katika karne ile ile, kiwanda cha Jaques cha London kilitengeneza ubao wenye kufuli ndani yake: ukikaza, watu wote hushikwa miguu, na ubao waweza kufungwa mchezo ukiwa haujakwisha. Lakini safari ya mbali kuliko zote ni ya tarehe 9 Juni 1970. Siku hiyo Warusi wawili, Andriyan Nikolayev na Vitaly Sevastyanov, waliokuwa wakiizunguka dunia katika chombo kiitwacho Soyuz 9, walicheza sataranji kwa redio na wenzao walio chini. Huko juu vitu havina uzito. Mfalme akiachwa peke yake huelea kama unyoya. Sumaku haikutumiwa, kwa kuchelea isivuruge mitambo ya chombo. Basi watu waliwekwa katika mifereji midogo, wakaweza kuteleza pasipo kutoka. Mchezo ukaisha kwa sare. Tuliposoma habari hiyo tulifurahi kupita kiasi, maana chombo cha Warusi na mashua yetu ya Msimbati vilikuwa na shida moja.

Mkusanyo wetu si mkubwa, ni vibao 19, nasi hatutavitaja vyote. Kiko kipochi cha ngozi alichotuachia mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao; mende wamekula ukingo wake, na watu wake wa bapa wamejikunja kwa joto. Viko viwili vya Kihindi vya mbao, vyenye tundu katika kila nyumba na kijiti chini ya kila mtu. Viko vya sumaku kutoka China, ambavyo ni rahisi na vizuri kwa mwaka wa kwanza. Kisha hewa ya chumvi ya pwani huingia katika bati lililo chini, likapata kutu, na sumaku haishiki tena ila kwa mashaka. Twavitunza vyote. Lakini tukipendacho kuliko vyote hakikununuliwa. Kilitengenezwa na kijana wa darasa la sita kwa ukuta wa boksi la sabuni: alikata mipasuko kwa wembe, akachomeka vipande vya karatasi ngumu alivyovichora mwenyewe, farasi akawa na shingo ndefu kama twiga. Jina la Roget hajalisikia hata leo. Tulimpa madaftari manne na kalamu, naye akatupa kibao hicho, akiamini kwamba ametupunja.

Kimoja tulikikataa. Usiku mmoja alitujia mtu, asiyekuwa wa kijiji chetu, akafungua kitambaa, na ndani yake mlikuwa na sataranji ndogo ya pembe, watu wote 32, wa kimo cha kidole gumba, wamechongwa kwa ustadi ambao hatujauona tena. Hatutaficha: mikono yetu ilitamani. Akasema ni ya zamani sana, tena bei yake ilikuwa ndogo kuliko ilivyostahili, na hiyo peke yake ilitutia shaka. Mwalimu wa hesabu kati yetu ana tabia ya kutoa na kujumlisha hata mahali pasipotakiwa. Katika hifadhi ya Selous, iliyo kaskazini yetu, ndovu walihesabiwa mwaka 1976, wakaonekana kuwa kama 109,000. Walipohesabiwa tena mwaka 2013 walikuwa kama 13,000. Biashara ya pembe kati ya mataifa ilikuwa imekatazwa kwa azimio la mwaka 1989, lakini kukatazwa ni jambo moja na kukoma ni jambo jingine. Tukamwambia yule mtu afunge kitambaa chake. Akauliza, "Hata ndovu wenyewe wa kwenye mchezo, hamtaki wawe wa pembe?" Tukamjibu kwamba ndovu wanne wa kuchonga si bei ya ndovu mmoja wa porini. Akaenda zake.

Huenda ndiyo sababu tukaanza kuchonga wenyewe kwa bidii. Mti wetu ni mpingo, na wasomaji wa upande huu wajua sifa zake: ni mzito hata huzama majini, ni mgumu hata hupotoa shoka, na Wazungu huutafuta kwa ajili ya zumari zao. Lakini hukua polepole mno; watu wa misitu husema kwamba hupata miaka 70 hata 100 kabla ya kufaa kuvunwa. Jirani zetu wa Kilwa wamejitahidi kuulinda, na mwaka 2009 vijiji vya huko vilipata hati ya kimataifa ya uvunaji wa kiasi, jambo ambalo vijiji vya Afrika vyenye misitu ya asili havijawahi kulipata kabla ya hapo. Sisi hatukutaka kuangusha mti mzima kwa ajili ya mchezo wa mfukoni. Tukamwendea mchongaji mmoja mzee, Mmakonde aliyezaliwa ng'ambo, katika uwanda wa Mueda, akavuka Ruvuma pamoja na wazazi wake wakati wa vita vya uhuru wa Msumbiji vilivyoanza mwaka 1964.

Tukamwambia, "Shikamoo, babu. Twaomba vile vipande unavyovitupa."

"Marahaba, walimu. Vile ni vya kuni tu."

"Ndivyo tuvitakavyo."

Akatuangalia kama watu waliopungukiwa na kitu, akatujazia kikapu.

Na katika kikapu kile tukaona jambo ambalo mwenye kuchonga vinyago vikubwa hana haja nalo. Gogo la mpingo ni jeusi moyoni, lakini chini ya gome lina tabaka jembamba jeupe, lenye rangi ya siagi. Kwa kinyago kikubwa tabaka hilo ni dogo mno. Kwa askari wa sataranji ya safari, asiyezidi sentimita moja na nusu, latosha kabisa. Basi kipande kimoja cha kutupwa hutoa majeshi yote mawili, weusi kutoka moyoni na weupe kutoka pembeni, nao hupigana ingawa ni wa mti mmoja.

Kisanduku chetu hakikunjwi. Ni cha mraba, sentimita 20 kila upande, na kina chake huzidi kimo cha mfalme kwa unene wa kidole. Kifuniko huteleza katika mfereji na kufungwa kwa kijiti. Kila nyumba ina tundu katikati, na kila mtu ana msumari mdogo miguuni. Pembeni mna matundu mengine kwa ajili ya waliouawa. Misumari hiyo tulijaribu kuichonga kwa mpingo wenyewe, ikavunjika. Sasa twatumia njiti za magurudumu ya baiskeli, zenye unene wa milimita mbili, tukizikata kwa tupa. Tundu hutobolewa kwa keekee, tena si kwa haraka, maana likipinda kidogo mfalme husimama kama mlevi. Kusugua twatumia majani ya msasa, yale yaliyoipa jina karatasi ya dukani, kisha twapaka nta.

Adui wetu mkubwa ni hali ya hewa. Wakati wa kaskazi, mvua zinaponyesha, ubao hunywa unyevu na kuvimba. Tundu hubana, hata waziri hatoki ila kwa koleo. Kusi ikivuma ubao hukauka, tundu hulegea, na watu hutikisika kila hatua ya msafiri. Tumejaribu mchungwa, tumejaribu mkorosho ambao hapa kwetu ni mwingi kuliko kuni zenyewe, tumejaribu mninga. Mninga ndio uliotupendeza, maana hautembei sana, lakini sharti ukae uvunguni mwa kitanda miaka miwili kabla ya kuguswa na msumeno. Mke wa mmoja wetu ana maoni yake juu ya uvungu huo, nayo hayafai kuchapishwa.

Yule mzee mchongaji naye akavutwa na kazi, hata akawa atuchongea vichwa. Sisi tulitaka askari wanane walingane, kama ilivyo desturi. Yeye akampa kila mmoja uso wake: huyu mashavu, huyu ndevu, huyu chale za zamani. Tukamwambia, "Babu, askari wote ni sawa." Akajibu bila kuinua macho, "Hata askari ana mama yake." Ikabaki hivyo, na vibao vyetu vyote tangu siku hiyo vina askari wenye nyuso.

Mwaka 2015 tulitengeneza visanduku viwili vilivyolingana kabisa, kimoja chetu na kimoja cha mwalimu mwenzetu aliyekuwa akifundisha karibu na Palma, ng'ambo ya mto. Tulijuana naye kwa jamaa, maana Ruvuma ni mpaka wa serikali, si mpaka wa ukoo. Mchezo wetu ulikuwa hivi: sisi hucheza hatua moja, twaandika herufi na tarakimu ya nyumba katika kikaratasi, twampa mtu avukaye Kilambo, naye akikipata hupanga kisanduku chake, hufikiri, huandika jibu. Simu ilikuwapo. Lakini tulikubaliana kwamba simu huharakisha mambo, na hatua iliyopita maji ya Ruvuma ina uzito wake. Hatua moja ilichukua juma moja, pengine matatu. Mchezo wa kwanza ulikwisha kwa mwaka mzima na miezi miwili, akatushinda.

Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia, na tangu hapo jimbo la Cabo Delgado halikupata amani. Vikaratasi vikapungua. Katika Oktoba ya mwaka 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, nacho kikashambuliwa, na wasafiri wa Ruvuma wakawa wachache na wenye hofu. Tulipokea kikaratasi kimoja Januari 2021, tukajibu. Tarehe 24 Machi wakaingia Palma yenyewe. Watu wakakimbia porini, wengine kwa mashua, wengine kwa miguu kuelekea mtoni. Simu ya mwenzetu haikuita tena.

Kisanduku chetu kilikuwa juu ya kabati, kimefungwa, watu 25 wamesimama ndani. Wanafunzi walikuja wakitaka kukichezea, maana ndicho kizuri kuliko vyote, tukawapa vingine. Mmoja wetu alisema tuandike nyumba zote katika daftari, kisha kitumike, kwa kuwa mchezo ulioandikwa haupotei. Neno hilo lilikuwa la haki kabisa, tena lilitoka kwa mwalimu wa hesabu. Hata hivyo hakuna aliyenyosha mkono kung'oa mfalme. Tulibishana juu ya jambo hilo siku kadhaa, kisha tukaacha kulitaja.

Mwezi wa Juni alikuja mlangoni mwanamke kijana na watoto wawili, waliokuwa wamefikia kwa jamaa zao hapa Mtwara.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mwanetu. Karibu."

Akakaa mkekani, akafungua kanga, akatoa kisanduku. Hatukuhitaji kuambiwa ni binti wa nani. Alisema kwamba walipokuwa wakitoka, baba yake alimpa achukue, akamwambia asikitikise wala asikifungue. Walipotengana gizani, yeye na watoto wakafuata njia ya mto, naye baba na bibi kizee wakaenda upande wa bahari. Amelala porini nacho, amevuka maji nacho kichwani. Alipokuwa akisema hayo mtoto mdogo alikuwa akijaribu kukifungua kwa meno.

Tulileta chetu, tukaviweka viwili pamoja, tukaondoa vifuniko. Askari mmoja wa kwake alikuwa ametoka tunduni, amelala pembeni. Tukamtambua kwa ndevu zake, tukamrudisha. Wengine wote walisimama. Tukalinganisha nyumba kwa nyumba, 64, na zote zilikuwa sawa, ila farasi mmoja mweusi. Katika chetu alikuwa bado nyuma ya askari zake. Katika chake alikuwa amekwisha kuruka. Mwenzetu alipokea kikaratasi chetu cha Januari, akafikiri, akacheza jibu, wala hakupata mtu wa kuvuka nalo.

Binti akauliza kama hilo ni jambo kubwa. Tukamwambia ni hatua moja tu. Kisha tukamsogeza farasi katika chetu, tukavifunga vyote viwili, naye akala pamoja nasi.

Oktoba simu ikaita, namba tusiyoijua. Alikuwa yeye, yuko Pemba ya Msumbiji, mama yake yu hai. Akawauliza binti na wajukuu, tukamwambia wako wazima, akanyamaza kitambo kirefu hata tukadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Farasi amefika?"

"Amefika."

"Basi, mbona hamjajibu?"

Kweli tulikuwa tumemtazama farasi yule miezi minne, na kila tulipomtazama alizidi kuwa mbaya. Alikuwa amesimama mahali ambapo alimtisha mfalme wetu na ngome yetu kwa pamoja, na hapakuwa na mtu wa kumla. Tukamwondoa mfalme, tukaiacha ngome ikaliwa. Mchezo ukaendelea kwa simu, ijapokuwa si desturi yetu, hata Februari 2022, tukashindwa. Kisanduku chake kiko kwa binti yake, ambaye sasa ndiye achezaye hatua za baba yake kama anavyoagizwa, na mara moja moja hubisha. Watu wamepangwa upya, na zamu hii weupe ni sisi.